Maswali na majibu: Mungu wa Wahindu ana sifa au hana?

Wahindu wana miungu chungu nzima. Inakuwaje tena tunasikia kwamba Mungu wao hana umbo wala sifa? (Msomaji, Morogoro)

Kuhesabu miungu walikwisha kuhesabu wenyewe zamani. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko yao ya kale, mwanachuoni Yajnavalkya anaulizwa miungu ni mingapi. Anajibu 3,306. Anabanwa: hasa ni mingapi? 33. Anabanwa tena, inashuka hadi 6, 3, 2, mmoja na nusu (naam, na nusu!), mwishowe mmoja. Huyo ndiye Brahman, asili ya vyote.

Kilichobaki kugombaniwa ni kama anaelezeka. Andiko hilohilo linasema “neti, neti”, yaani si hivi, si hivi: kila utakachomtaja nacho, kikanushe. Kwingine humohumo anaitwa mtawala wa vyote. Hapo ndipo zilipotoka njia mbili: nirguna, asiye na sifa, na saguna, mwenye sifa.

Shankara na Ramanuja walisoma maandiko yaleyale. Walitofautiana wapi? (Msomaji, Nakuru)

Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu wa takriban karne ya 8, alizipanga kauli hizo kwa daraja. Mungu aliyeumba, anayesikia dua na kurehemu, yaani Ishvara, ni Brahman kama anavyojulikana na sisi tuliofunikwa na ujinga. Ujinga ukiondoka, sifa zinaondoka nao, na hata tofauti kati ya nafsi yako na Brahman haibaki.

Ramanuja, aliyefundisha karne kama tatu baadaye katika hekalu la Srirangam, kusini mwa India, hakukubali hata kidogo. Alisema kila tunachokijua tunakijua kwa sifa zake. Kisicho na sifa yoyote hakina njia ya kujulikana. “Asiye na sifa”, kwake, ni asiye na sifa mbaya. Halafu akauliza: ikiwa Brahman peke yake ndiye aliyepo, huo ujinga ni wa nani? Hauwezi kuwa wa Brahman, kwani yeye ni ujuzi mtupu. Hauwezi kuwa wa nafsi, kwani nafsi kujiona mbali naye kumetokana na ujinga huohuo. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wafuasi wa Shankara wenyewe waligawanyika makundi wakiijibu.

Madhva wa Udupi, mwanafalsafa mwingine wa Kihindu wa karne ya 13, alimpita hata Ramanuja: Mungu ni kitu kingine, nafsi ni kitu kingine, milele.

Chuoni tulihifadhi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu. Ni mjadala huohuo? (Msomaji, Tanga)

Sio huo, ila mna ujirani. Muutazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu wa zamani, walihofia kwamba sifa za milele zingeuvunja umoja wa Mungu. Ashaari, kundi lililowapinga, wakazithibitisha, wakasema si dhati (yaani Mungu mwenyewe hasa) wala si kitu kilicho nje yake. Ramanuja naye anasema sifa hazitengani na mwenyewe. Lakini hakuna hata mmoja kati ya Waislamu hao aliyefika kwa Shankara, ambaye kwake Muumba na kiumbe, mwishowe, hawatofautiani.

Asiye na sifa ataombwaje? (Msomaji, Mombasa)

Shujaa Arjuna alimuuliza Mungu Krishna karibu hivyo katika sura ya 12 ya Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu: nani bora, anayekuabudu wewe au anayemwelekea Asiyedhihirika? Krishna anajibu kwamba wote wanafika, ila njia ya pili ni ngumu kwa mwenye mwili. Hata Shankara hakuwafukuza watu hekaluni. Ibada, kwake, inausafisha moyo kabla ya ujuzi.

Kabir alikataa masanamu, mbona aliimba jina la Ram? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kabir, mshairi na mfumaji nguo wa mji wa Varanasi, India, katika karne ya 15, alisema wazi kwamba Ram wake si yule Ram anayeabudiwa na Wahindu, mwana wa mfalme Dasharatha. Ni jina tu la asiye na umbo. Mshairi Tulsidas, aliyeishi na kuandika katika mji huohuo, alianza mwaka 1574 kutunga utenzi wake mrefu wa Ram, na huyo wake ni mwana wa Dasharatha hasa, mwenye upinde na mke. Lakini humo ndani anasisitiza kwamba mwenye sifa na asiye na sifa ni mmoja, kama mvua ya mawe isivyo kitu kingine ila maji.