Wakikuchagua na Nauli Huna, Sema

Juzi usiku nilipata ujumbe wa binti mmoja wa Kikongo aliyekulia Phoenix, Arizona. Yuko mwaka wa pili, sayansi ya kompyuta, na amechaguliwa kwenda kwenye kongamano la teknolojia. Ada ya usajili wamemlipia, hoteli wamemlipia, lakini tiketi ya ndege atangulize mwenyewe, apeleke risiti, arudishiwe baada ya wiki kadhaa. Akamalizia hivi: "Dada, nimeamua niwaandikie kwamba nina mitihani."

Niliiweka simu chini. Uongo huo wa mitihani naujua. Niliuona ukiandikwa mwaka 2018, kwenye kitanda kilichotazamana na changu.

Aliyeuandika ni mwenzangu wa chumba. Mimi mtoto wa Tanga, yeye mzaliwa wa El Paso, mji wa Texas mpakani na Mexico, wazazi wake wametoka Mexico, na bibi yake bado anaishi Juárez, ng'ambo ya mto. Chuo kimoja cha Texas kilitukutanisha. Baba yake anaezeka mapaa, mama yake anasafisha maofisi usiku, na yeye ndiye wa kwanza kwao kukanyaga chuo kikuu. Kwenye darasa la algorithimu wasichana tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na Mlatina, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, alikuwa yeye peke yake. Siku moja alikwenda ubaoni akatoa jibu ambalo wenzake walikuwa wamelihangaikia nusu saa. Kijana mmoja akamuuliza nani kamsaidia. Aliendelea kueleza hesabu yake mpaka mwisho kana kwamba hakusikia. Jioni hakula.

Mwaka ule tuliomba ufadhili wa kongamano moja, jina naliacha. Yeye wakamkubali, mimi wakanikataa. Nilimkumbatia, nikampongeza, na moyoni nilikuwa na kijiba ambacho sijawahi kumwambia mtu hadi leo ninapoandika hapa. Sharti likawa lile lile la binti wa Phoenix: tanguliza nauli, utarudishiwa. Nauli ilikuwa dola 412. Yeye alikuwa na dola 60 za kumfikisha mwisho wa mwezi. Kadi ya mkopo hana, maana kwao kadi ya mkopo ni deni, na deni ni aibu.

Akawaandikia kwamba ana mitihani. Nilimwona akiandika, na nilijua hatuna mtihani wiki ile. Mimi nilikuwa na akiba inayozidi dola 500. Nilikaa kimya.

Waandaaji walimjibu kwa mstari mmoja, wakamtakia mitihani myema. Hapo ndipo panaponiuma. Watu wale hawakumkatalia chochote. Wangeambiwa "sina dola 412," pengine wangenunua tiketi wenyewe, pengine wangeshindwa, lakini angalau wangejua kwamba mpango wao unawaacha nje watoto wa wasafisha ofisi. Walichosoma ni kwamba msichana mmoja ana mitihani, wakaita anayefuata.

Desemba sikuwa na nauli ya kwenda Tanga, akanichukua kwao. Tulisafiri kwa basi usiku kucha. Kama hujawahi kuwa kwenye nyumba ya Wamexico siku chache kabla ya Krismasi, hujaona kazi. Jikoni walikaa wanawake saba kuzunguka meza, katikati kuna beseni la maganda makavu ya mahindi yaliyolowekwa maji ya moto. Unatoa ganda, unalikung'uta maji, unapaka unga wa mahindi kwa mgongo wa kijiko, mwembamba, usifike kwenye ncha, unaweka nyama katikati, unakunja. Ndiyo tamale. Unga wao huchanganywa na mafuta ya nguruwe. Mama yake aliposikia mimi Mwislamu hakusema neno, akaenda kukanda wangu pembeni kwa mafuta ya mbegu, na sufuria yake akaifunga kitambaa chekundu isije ikachanganywa.

Pale mezani ndipo binti yake alipotoboa. Sijui kilichomsukuma. Alisema kwa Kihispania, mimi nikaambulia maneno machache na tarakimu ile: mia nne na kumi na mbili. Kijiko cha mama kikasimama. Akaenda kabatini, akarudi na kopo la biskuti. Mle ndani mlikuwa na pesa za tamale anazowauzia majirani na watu wa kanisani kwao kwa dazeni, kila Desemba, miaka yote. Zilikuwa zaidi ya nauli. "Mija," akasema. Neno hilo ni "mwanangu" kabisa, hata linavyotoka kifuani. Mama alilia kwa sababu hakuulizwa.

Kisha akauliza maswali ambayo mama yangu Tanga angeuliza: utalala wapi, na nani, hao wanaume watakuwa wangapi? Rafiki yangu akamweleza habari za kongamano jingine, Grace Hopper Celebration, lililoanzishwa mwaka 1994 na wanawake wawili wa kompyuta, Anita Borg na Telle Whitney, ili wanawake wa fani hii wakutane. Akamweleza Grace Hopper mwenyewe, afisa wa jeshi la majini la Marekani, ambaye mwaka 1952 alikuwa ameshatengeneza programu ya kuigeuzia mashine maagizo ya binadamu, wakati wengi wakiamini kompyuta kazi yake ni hesabu tu. Mama akauliza kama bado yuko hai. Alifariki mwaka 1992. Mama akafanya ishara ya msalaba, na ruhusa ikawa imetoka.

Tuliomba tena, safari hii ufadhili wa Grace Hopper, na mapema, maana ufadhili wa makongamano makubwa hufungwa miezi mingi kabla ya kongamano lenyewe. Insha yake ya kwanza ilijaa maneno makubwa kuhusu mustakabali wa dunia. Nikamwambia aifute. Akaandika kuhusu programu ndogo aliyomtengenezea mama yake ya kuhesabu oda: dazeni ngapi za nyama, ngapi za jibini na pilipili, nani kalipa, nani bado. Wakamchukua. Mimi wakanikataa mara ya pili.

Safari hii sikununa. Nilikwenda kwa katibu wa idara yetu na karatasi moja. Juu nimeandika nauli, chini yake usajili, kitanda nitalala chumba kimoja na mwenzangu, chakula siku nne, jumla. Halafu: nilicho nacho, na kinachopungua. Mstari wa mwisho niliuliza kama idara inaweza kukata tiketi yenyewe badala ya kunirudishia. Yule mama alisoma, akavuta droo, akatoa kadi ya idara. Ipo kwa kazi hiyo, na mwaka ule hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameiulizia. Miaka miwili nilikuwa nikipita mbele ya mlango wake kwenda maktaba!

Oktoba 2019 tulikuwa Orlando, Florida, kwenye kongamano lenye watu zaidi ya 20,000. Ya ukumbini mengine nayaruka. Nitasema moja tu: kuna jumuiya inaitwa Latinas in Computing, na rafiki yangu alipowapata alisimama na mhandisi mmoja wa makamo wakazungumza kuhusu hifadhidata kwa Kihispania, saa nzima. Aliniambia hajawahi kutumia lugha ya mama yake kwa kazi yake. Kesho yake alifanyiwa usaili pale pale kwenye maonesho ya ajira, akapata mafunzo kazini ya kiangazi cha 2020. Corona ikaingia, akayafanyia nyumbani El Paso, kwenye meza ile ile ya tamale. Leo ni mhandisi wa programu, na mdogo wake wa kike anasoma fani hiyo hiyo.

Sasa wewe, mdogo wangu wa Phoenix, na wengine mnaonyamaza kama wewe. Semeni. Semeni mapema, na semeni kwa tarakimu. "Nina changamoto za kifedha" haimsaidii mtu wa ofisini, lakini "napungukiwa dola 380, mnaweza kunikatia tiketi moja kwa moja?" inampa kazi ya kufanya. Msigonge mlango mmoja: waulize waandaaji, idara, ofisi ya mkuu wa kitivo, chama cha wanafunzi. Walatina wana SHPE, chama cha wahandisi kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1974, na lipo kongamano la Tapia, lenye jina la Richard Tapia, mwanahisabati mtoto wa wahamiaji wa Mexico, ambalo limefunguliwa kwa kila anayejiona mchache kwenye fani hii, hata sisi. Ulizeni pia hela inatoka wapi. Baadhi ya ufadhili ni fedha za serikali na hutolewa kwa raia na wakaazi wa kudumu tu. Mimi mwenye viza ya mwanafunzi milango hiyo ilinifungia. Wewe uliyekuja na familia kama mkimbizi, huenda ukaazi wa kudumu unao tayari. Angalia karatasi zako kabla hujajikatia tamaa.

Na mama yako mwambie. Usimwamulie kwamba hana.

Ile barua ya mitihani usiitume. Nitumie kwanza hesabu yako, mstari kwa mstari, kabla ya Ijumaa, tuiandike upya pamoja. Na kama zitapungua hela kidogo baada ya kugonga kote, safari hii ninazo na ninakwambia ninazo.