Faharasa ya h ya mkemia: Google Scholar inasema 5, Scopus inasema 4

SWALI: Mkutubi, salaam. Nafundisha kemia ogania chuo kikuu hapa Mbarara, na utafiti wangu ni kutenga kampaundi kutoka mimea ya dawa. Najaza fomu ya kupandishwa cheo. Faharasa yangu ya h ni 5 kwa Google Scholar, 4 kwa Scopus. Niandike ipi? Na mwenzangu wa kitivo cha tiba ana 14. Je, kazi yangu ni hafifu?

JIBU: Mwalimu, andika zote mbili, kila moja pamoja na jina la hazina ya marejeleo ilikotoka (Google Scholar au Scopus) na tarehe uliyoitazama. Kazi yako si hafifu, na nitakuonyesha kwa nini.

Faharasa hii ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Unapanga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha unashuka ukihesabu, na unasimama kwenye makala ya mwisho ambayo marejeleo yake hayapungui nafasi yake. Orodha uliyonitumia ya marejeleo ya kila makala, kwa Google Scholar, ni 31, 18, 9, 7, 5, 4, 2. Makala ya tano imerejelewa mara 5, inatosha. Ya sita ina 4, haitoshi. Basi 5. Kwa Scopus makala zako zinasoma 22, 12, 6, 4, 3: ya tano imepungukiwa, unabaki na 4. Na hiyo makala ya kwanza yenye marejeleo 31 hata ingefika 300, faharasa isingesogea.

Tofauti inatokana na wasomaji wako. Scopus huhesabu zaidi majarida yaliyochujwa. Google Scholar huokota pia tasnifu na ripoti zilizowekwa wazi kwenye intaneti. Kemia ya mimea ya dawa husomwa sana na wanafunzi wa uzamili wa botania na famasia, ambao kazi zao nyingi Scopus haizioni. Hata hivyo yafungue yale marejeleo 31 moja moja, maana Google Scholar wakati mwingine huhesabu kitu kimoja mara mbili.

Kagua na jina lako. Wengi wetu Uganda hutanguliza jina la nyumbani, la ubatizo likafuata. Jarida moja huligeuza, jingine huliacha, na Scopus ikakufanya watu wawili. Ukijikuta na wasifu mbili, omba ziunganishwe. Fungua pia namba ya ORCID, yaani namba ya kudumu inayomtambulisha mtafiti mmoja; ni bure.

Kuhusu mwenzako: usijipime naye. Katika tiba watafiti ni wengi na makala moja huweza kubeba waandishi kadhaa. Wewe huanza na kilo za magome makavu, ukapitisha kwenye kolamu, bomba la kutenganisha kampaundi, wiki baada ya wiki, ukabaki na miligramu chache za kupeleka kwenye NMR, mashine inayoonyesha muundo wa molekuli. Idadi ya makala haiwezi kulingana.

Ningependa kamati ijue hasa nani anakurejelea, na kwa lipi. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walitangaza warburganali, kampaundi yenye ladha kali kutoka miti ya Warburgia ya Afrika Mashariki, inayowafanya viwavijeshi wasile. Mmojawapo wa miti hiyo, Warburgia ugandensis, umebeba jina la nchi yetu. Baadaye wakemia wa maabara za mbali walishughulika kuijenga molekuli hiyo tangu mwanzo, na kazi ya waliotenga ikawa ndiyo mahali pa kuanzia. Huo ndio urejeleaji wenye uzito: mtu ametumia ulichokipata. Kutajwa kwenye sentensi ya “mmea huu umechunguzwa pia na…” huhesabiwa sawasawa, lakini hakuna uzito huo.

Kwa hiyo chagua makala tatu. Chini ya kila moja andika sentensi mbili: ulitenga nini, na nani alitumia data zako za NMR kutambua kampaundi yake.

Wakikuuliza kipimo cha athari cha jarida, yaani wastani wa mara ambazo makala zake za karibuni hurejelewa, kitaje, ila kisisimame badala ya makala yako. Jarida la Acta Crystallographica A lilikuwa na takribani 2 mwaka 2008. Mwaka 2009 likaruka hadi karibu 50, kwa sababu ya makala moja ya George Sheldrick kuhusu SHELX, programu yake ya kutambua muundo wa fuwele. Waandishi wengine wa jarida hilo hawakuwa wamebadilika hata kidogo.

Rasimu ikiwa tayari, nitumie niipitie kabla hujaiwasilisha.