Ndege au Treni Ulaya? Anza Hesabu Mlangoni Kwako

Kiangazi kinakaribia, na maswali mengi yaliyonifikia ni ya safari: harusi, likizo, mama anakuja kutembea. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

*Tuko Leicester, tunakwenda harusini Paris, watu wanne. Ndege ya kutoka Luton ni pauni 35 kwa mtu, treni ni karibu mara mbili ya hiyo. Kuna haja gani ya treni? – Mama wa bibi harusi*

Hongera, mama, na haja ipo. Hizo pauni 35 ni nauli yako wewe na kijibegi cha kuweka chini ya kiti, basi. Na nani amekwenda kuozesha na kijibegi? Kuna madera, kanzu, viatu vya kubadilisha, udi, marashi, na sanduku la zawadi ambalo hakuna anayekubali liachwe. Kila sanduku linaloingia tumboni mwa ndege linalipiwa, kwenda na kurudi. Eurostar, treni ya London hadi Paris ipitayo chini ya bahari, inamruhusu abiria wa daraja la kawaida masanduku mawili makubwa na mkoba wa mkononi, bila kuyapima uzito, wala hakuna sheria ya mililita 100 kwa marashi yako.

Sasa tuhesabu saa, tangu mnafunga mlango wa nyumba. Kwa ndege: karibu saa 1 hadi Luton, saa 2 za kuwahi na kukaguliwa, saa 1 na robo hivi angani, foleni ya pasipoti uwanja wa Charles de Gaulle, kungoja masanduku, kisha nusu saa na zaidi kwenye treni ya mjini, RER B, ndiyo mfike stesheni ya Gare du Nord, Paris. Saa 6 zimekwisha. Kwa treni: Leicester hadi stesheni ya St Pancras, London, ni saa 1 na dakika chache, na Eurostar inaondokea hapo hapo St Pancras, hamtoki nje ya jengo. Ukaguzi, weka saa 1 na robo. Halafu saa 2 na dakika 20 hivi, mnashukia Gare du Nord yenyewe. Ni saa 5, mmekaa pamoja, na wanaotaka kushona vifungo vya dakika ya mwisho wana meza.

Hesabu hii mimi nilifunzwa na usiku mmoja. Nilinunua tiketi ya shirika moja la bei nafuu, nikaona jina la mji ninaokwenda, nikatosheka. Ndege ikachelewa. Tukashuka karibu saa 6 usiku kwenye uwanja ulio mbali kabisa na mji, basi la mwisho limeshaondoka. Tulibaki watu kama ishirini chini ya taa moja, mama mmoja amemfunika mwanawe kanga juu ya koti. Teksi tuliyochanga wanne ilinitoa pesa nyingi kuliko ndege. Kwa hiyo kila unapoona neno "Paris" kwenye tiketi, tazama ni uwanja gani. Beauvais nao huuzwa kwa jina la Paris, na uko kilomita 85 hivi kutoka mjini.

Nunua mapema lakini. Nauli ya Eurostar ikiachwa hadi wiki ya mwisho hupanda vibaya, na hapo nisingekulaumu ukipanda ndege.

*Natoka Nairobi kwenda Brussels. Ndege yangu inatua Amsterdam. Nitafute ndege nyingine au treni?*

Treni, bila kusita. Stesheni iko chini ya uwanja wa Schiphol: unachukua sanduku, unashuka ngazi za umeme, uko kwenye jukwaa. Treni ya kasi inakufikisha Brussels kwa chini ya saa 2. Ila kama tiketi ya treni umeinunua mbali na ya ndege, acha nafasi ya saa 3 kati ya kutua na kuondoka, maana foleni ya pasipoti pale asubuhi huwa ndefu na treni haikungoji. Au nunua tiketi inayokuruhusu kupanda treni yoyote ya siku hiyo.

*Nina viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Nataka Paris, kisha London siku tatu kwa treni, nirudi Paris nipande ndege ya Dar es Salaam. Viza ya Uingereza pia ninayo. Nimekosea wapi?*

Umekosea kwenye kurudi, na ninashukuru umeuliza kabla ya kusafiri. Uingereza haimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Treni kupita chini ya bahari hakubadilishi kitu: pale Gare du Nord unapita kwanza kwa polisi wa Ufaransa wanaokusajili kuwa umetoka, na hatua chache mbele uko kwa maofisa wa Uingereza wanaokuuliza unakwenda kwa nani. Ukishasajiliwa kutoka, viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi, hata kama imebakiwa na siku kumi. Siku ya kurudi utazuiwa St Pancras, kabla hujaiona treni, kwa sababu ukaguzi wa Ufaransa unafanyika pale pale London.

Una njia mbili. Omba viza ya kuingia mara nyingi, au panga ziara iishie London na urudi nyumbani ukitokea huko, kwa kupitia Nairobi, Addis Ababa au Doha. Ya pili ndiyo nyepesi.

Na wale wanaobaki ndani ya Schengen: msiache pasipoti hotelini eti hakuna mipaka. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Polisi hupanda behewani, na si siri kwamba sisi huwa miongoni mwa wa kwanza kuulizwa. Pasipoti, na kibali cha ukaazi kwa aliye nacho, viwe mfukoni, vyenyewe, si picha kwenye simu.

*Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Anatoka kwangu Cologne kwenda kwa dada yangu Vienna. Viwanja vya ndege vinamchosha. Treni ya usiku inamfaa?*

Inamfaa, ukimchagulia behewa sawasawa. Nightjet, treni ya usiku ya reli ya Austria, inapita Cologne na kufika Vienna asubuhi. Ina viti vya kawaida, vitanda vya kuchangia, na vyumba vya kulala. Viti usimpe kamwe. Vitanda vya kuchangia ni vya bei nzuri, na kuna chumba cha wanawake watupu, lakini akiangukia kitanda cha juu, magoti hayo hayatapanda. Mkatie chumba cha kulala, kitanda cha chini. Mle ndani kuna sinki, atatawadha bila kuhangaika kwenye korido, na asubuhi ataletewa chai na mkate. Mlango unafungwa kwa ndani.

Kazi iko kwenye ngazi za behewa, ambazo kwenye mabehewa ya zamani ni nyembamba na za kwenda juu. Omba msaada mapema: kwa treni sheria ya Umoja wa Ulaya inataka saa 24 kabla, kwa ndege saa 48. Ni haki yake na ni bure. Mtu atamngoja jukwaani, na penye kifaa cha kunyanyua atapandishwa akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Usione haya kuomba kwa niaba yake. Wazee wetu wenyewe hawaombi, husema "naweza tu", kisha wanaumia.

*Nipo Hamburg. Ndege yangu ya Nairobi inaondokea Frankfurt. Treni inatangazwa kufika saa 2 kabla. Inatosha?*

Haitoshi. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, reli ya Ujerumani, zilizofika kwa wakati, na kwao treni iliyochelewa chini ya dakika 6 bado huhesabiwa imewahi. Panda treni mbili kabla ya hiyo, ukae Frankfurt unywe kahawa moyo ukiwa umetulia. Treni ikichelewa saa 1 utarudishiwa robo ya nauli, ikichelewa saa 2 nusu, lakini ndege iliyokuacha, kama tiketi ni mbalimbali, hakuna wa kukulipa. Ndege yenyewe ikikufikisha Nairobi umechelewa saa 4 au zaidi, kwa kosa la shirika na si hali ya hewa, dai euro 600. Watu wetu wengi hawadai, na wanaacha fedha yao halali mezani.

*Mimi ni mwanafunzi Budapest. Ninunue Eurail nizunguke likizo nzima?*

Wewe una kibali cha kuishi Ulaya, kwa hiyo yako ni Interrail. Zote ni pasi za kupandia treni nchi nyingi, lakini Eurail ni ya wanaotoka nje ya Ulaya. Hadi miaka 27 kuna punguzo la vijana. Angalia tu kwamba Ufaransa, Italia na Hispania treni za kasi zinataka ulipie nafasi ya kiti juu ya pasi hiyo, ilhali Ujerumani na Austria treni nyingi unapanda tu. Ukiwa na miji mitatu basi, nunua tiketi moja moja.

*Ni kweli Ufaransa imepiga marufuku ndege za ndani?*

Kwa kiasi kidogo. Mei 2023 ndege zilikatazwa pale ambapo treni inafika chini ya saa 2 na nusu, na njia zilizoguswa zilikuwa tatu: uwanja wa Orly, Paris, kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux. Ningependa ziwe nyingi zaidi. Moshi wa ndege moja ya dakika 50 ni mwingi mara nyingi kuliko wa treni ya umeme, na mafuriko na ukame tunavivuna sisi kwetu ambao hatukuuwasha.

*Unaisifu sana treni. Ipo safari ambayo ungepanda ndege?*

Zipo, na mfano wa karibu ni Lisbon kwenda Madrid. Miji mikuu ya nchi jirani, na haina treni ya moja kwa moja; unabadilisha njiani na siku nzima inakwisha. Ndege ni saa 1 na dakika chache. Athens nayo kutoka Ulaya magharibi, hivyo hivyo. Kwa Lisbon hata uwanja uko ndani ya mji, metro inakushusha katikati kwa dakika 20 na ushee, hivyo ile hesabu ya mlango kwa mlango inakwenda upande wa ndege.