Jibu: Nataka kutengeneza viriba vinavyooza kwa mafuta ya nyonyo

Mkuu simamisha kila kitu, hilo pipa la hadena (ile kemikali ya kugandisha mafuta) usililipie. Umeandika "mafuta ni ya mbegu kwa hiyo kiriba kitaozea chenyewe shambani". Hayo maneno yamenilia milioni 3.4, na mimi niliyasema hivyohivyo.

Nilijifunza kwenye grupu la WhatsApp la kulipia, kiingilio elfu 50. Jamaa anajiita mtaalamu wa plastiki asilia, kwenye video anavaa koti jeupe, nadhani aliazima buchani. Changanya mafuta ya nyonyo na hadena, mimina kwenye moldi, subiri, umemaliza. Na kweli inaganda, inakuwa laini kama ndala mpya. Ya kwanza iliumuka kama andazi kwa sababu mafuta yalikuwa na maji, ile hadena ikikutana na maji inatoa gesi, halafu mvuke wake ni hatari kwa mapafu, nilifanyia chumbani nikakohoa wiki mbili nikasingizia vumbi. Nikatoa vikopo 600, nikamuuzia mama mmoja Njombe mwenye miche ya parachichi, nikamwambia kwa mdomo huuhuu, mama we panda nacho hivyohivyo, kitaoza.

Miezi minane akanipigia. Nikaenda. Akashika mche mmoja akauvuta kwa mkono, ukatoka na kikopo chake, rangi ileile, hata mkwaruzo wa moldi unaonekana. Akakipasua kwa kisu, mizizi imejizungusha humo ndani kama tambi kwenye sufuria, hakuna hata mmoja uliotoboa. Hakunitukana, aliniuliza tu, "Mwanangu, ulisema kinaoza lini?" Bora angenitukana. Miche ya elfu tano tano, zidisha mwenyewe, ndo maana siku hizi natembea kwa miguu, nasema ni mazoezi.

Kilichotokea ni hiki. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nyonyo ni asidi ya risinoleiki, ina kama kishikio ambacho hadena (isosayaneti, na hiyo inatokana na petroli) inakidaka, vinafungana wavu mmoja mkubwa, inaitwa poliyurethani, ndugu yake godoro lako. Wadudu wa udongo wanakuta hakuna pa kuanzia kutafuna. Mbegu haina kosa, kosa ni ulichoifunga nacho. Kuna nailoni 11, inatokana na nyonyo tupu, inatengenezwa mabomba ya breki za upepo za malori, sasa ingekuwa inaoza nani angepanda lori? Yule mwalimu hilo hakuligusa, nilipomuuliza akanitoa kwenye grupu, elfu 50 yangu ikabaki inasoma peke yake.

Kwa hiyo ZIKA KABLA HUJAUZA. Kata vipande, pima kwa mzani mdogo, zika kwenye udongo wenye samadi na unyevu, pembeni zika karatasi ya kawaida. Karatasi ikibaki nzima udongo wako umekufa, anza upya. Karatasi ikiisha na chako kinang'aa, ujue umetengeneza ndala. Kikipasukapasuka vipande vidogo usishangilie, hiyo si kuoza, ni takataka ileile imekuwa unga. Fukua kila mwezi mpaka miezi sita, na mteja asijue hata jina lako kabla ya hapo.

Plastiki inayooza kweli kutokana na mafuta ipo, inaitwa PHA, bakteria wanalishwa mafuta wanajiwekea plastiki mwilini kama sisi tunavyoweka kitambi, ila hiyo inataka matanki na maabara, si sufuria la mama watoto.

Uliuliza pia mashine ya kukamua na mambo ya TBS (wale wa viwango), sijui, mi sikufika huko, nilifilisika kabla. Ila mashudu ya nyonyo usimpe mbuzi, yana sumu. Na hilo usiniulize nimejuaje.