Mkienda Tübingen na marafiki, msitake kuumaliza mji

Ukiishi Stuttgart, Ujerumani, au jirani yake, siku moja mtu atauliza kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, Jumamosi tunatoka?" Wengi watataja Heidelberg, na sina ugomvi nao, ila kwa safari ya kwenda na kurudi mimi nawapigia debe Tübingen. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477, mabomu ya Vita Kuu ya Pili hayakuuharibu sana, na kati ya wakazi wake kama 90,000 wanafunzi ni wengi mno. Majengo ya kale, watu vijana.

Tuanze na nauli, maana hapo ndipo urafiki hupimwa. Mkiwa kundi la watu hadi watano, nunueni Baden-Württemberg-Ticket moja, yaani tiketi ya siku ya jimbo hilo. Abiria wa kwanza ndiye ghali; kila anayeongezeka anaongeza kidogo tu, kisha mnapanda treni za kawaida za jimbo na mabasi kutwa nzima. Katikati ya wiki inaanza kutumika saa tatu asubuhi, mwishoni mwa wiki mapema zaidi. Kwenye treni za masafa marefu, ICE na IC, haikubaliki. Andikeni majina yenu wote kwenye tiketi, mkaguzi hana utani. Na kwa kuwa tiketi ni moja, anayechelewa stesheni ajitafutie nauli yake. Msimsubiri. Mambo ya "niko njiani, nimefika hapo kwenye kona" yaacheni nyumbani.

Mkifika, pandeni kwenye ngome ya Hohentübingen kwanza, miguu ikiwa bado ina nguvu. Njia ni ya mawe, tena inapanda, kwa hiyo dada mwenye viatu vya kisigino mwambieni mapema. Ndani kuna mambo mawili yanayostahili muda wenu. La kwanza ni jiko la zamani lililogeuzwa maabara. Humo mwaka 1869 Friedrich Miescher, akichunguza usaha uliotoka kwenye bandeji za hospitali, alipata kitu alichokiita nyukleini. Ndiyo DNA tunayoisikia leo kila kesi ya mahakamani. La pili ni vinyago vya pembe ya mamothi, tembo wa kale waliotoweka, kutoka pango la Vogelherd, vyenye umri wa zaidi ya miaka 30,000. Yule farasi hafiki hata sentimeta 5, lakini shingo yake imepindwa kwa ustadi hadi unabaki umeinama kwenye kioo na wenzako wanakuita. Hakikisheni siku mnayokwenda makumbusho yamefunguliwa; Ujerumani mengi hufunga Jumatatu.

Mkishuka mtapita uwanja wa soko, penye ukumbi wa mji wenye saa ya nyota ya mwaka 1511. Pigeni picha, mwendelee.

Chakula: Maultaschen ni kama sambusa iliyochemshwa, na ndani mara nyingi kuna nguruwe. Waislamu katika kundi waulize kabla ya kuagiza, au wachukue Käsespätzle, tambi za jibini, nazo waseme wazi kwamba hawataki vipande vya nyama juu. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo maji na vitafunwa nunueni Jumamosi.

Alasiri iacheni kwa mto. Kwenye Neckar kuna mashua ndefu bapa ziitwazo Stocherkahn; mnakaa mmeegemea mbao za ubavuni, mnatazamana, na mwenye chombo anasimama nyuma akisukuma kwa upondo. Mtu wa Lamu au Pemba haelezwi kitu hapo, atabaki kumkosoa nahodha tu. Mtapita mbele ya mnara wa manjano alimoishi mshairi Hölderlin kuanzia 1807 hadi alipofariki 1843. Asiyependa maji atembee kisiwani chini ya miti mikubwa ya mlatani, mkutane darajani. Kundi kugawanyika saa moja si kosa. Kuburuzana wote kila mahali ndiko kunakoleta manung'uniko.

Kama mna muda, msirudi bila kufika Derendingen, kijiji cha zamani ambacho sasa ni mtaa wa Tübingen. Hapo ndipo alipozaliwa Johann Ludwig Krapf mwaka 1810. Ndiye yule mmisionari aliyefika Mombasa 1844, akamzika mkewe Rosine huko mwaka huohuo, akaenda Rabai, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwenzetu wa Mombasa, aliyesoma habari zake shuleni, alisimama barabarani pale akasema, "Wallahi, mzee Krapf ni wa huku?" Msitarajie mengi ya kutazama: ni mtaa wa watu wanaoishi maisha yao. Lakini ukikumbuka ni safari gani mtu alianzia hapo, enzi ambazo Mfereji wa Suez haujachimbwa, inafaa kutenga nusu saa. Mwenzake Rebmann naye alitoka Gerlingen, jirani na Stuttgart, hiyo iwekeni akiba kwa Jumamosi nyingine.

Kurudi msiwe na pupa. Tiketi ile inafanya kazi hadi saa tisa usiku, kwa hiyo kuleni chakula cha jioni hukohuko Tübingen, na kabla ya kuagiza angalieni treni ya mwisho ni ya saa ngapi.