Heathrow hadi Schiphol kilomita ngapi? Na maswali mengine ya safari

Kutoka Heathrow (London) hadi Schiphol (Amsterdam) ni kilomita ngapi, na ndege inachukua muda gani?

Kama 370, pungufu ya Nairobi–Mombasa. Ratiba huandika saa moja na robo na ushei, ila hewani hukai hata saa nzima. Muda mwingine unaliwa ardhini. Ukitua Schiphol kwenye njia ile ya mbali, Polderbaan, ndege inatambaa hata robo saa, inavuka daraja huku magari ya barabara kuu yakipita chini yake. Swali hili naletewa kila mara, na anayeuliza hasemi kamwe ana viza gani.

London–Amsterdam naondoka 10:00, nafika 12:20. Kurudi, 10:00 hadi 10:20. Kurudi ndege inakimbia zaidi?

Haikimbii. Amsterdam iko mbele kwa saa moja, na tiketi huandika saa za mahali. Halafu hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi. Kuna watu wamefika uwanjani jioni.

Nimepata tiketi mbili za bei poa. Nashuka Heathrow kutoka Nairobi saa nane mchana, naondokea Gatwick, uwanja mwingine wa London, saa kumi na moja kwenda Lisbon. Ramani inasema kilomita 40 tu. Nitawahi?

Huwahi. Hizo 40 ni za angani, wewe unapanda basi. Tena kuhama uwanja ni kuingia Uingereza, na viza ya matembezi ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi huko. Unaweza kuachwa Nairobi hapohapo kaunta. Tuseme viza unayo: kuna foleni ya uhamiaji, kusubiri begi, barabara ya M25 saa moja ikiwa shwari, kisha kukabidhi begi upya. Ukichelewa, shirika la pili halikujui, unanunua tiketi nyingine. Kabla ya kulipa muulize wakala: ni tiketi moja, na begi linafika moja kwa moja? Akianza kuzungukazunguka, toka dukani kwake.

Uwanja wa Frankfurt-Hahn uko Frankfurt?

Ni kilomita kama 120 kutoka Frankfurt. Na Beauvais wanayoiita Paris iko zaidi ya 80 nje ya mji. Mnasoma bei, jina hamsomi.

Nilitoka Kilimanjaro kwenda Lisbon, tiketi moja, shirika la Ulaya. Ndege ya kwanza iliharibika, nikaikosa ya kutoka Amsterdam, nikafika nimechelewa saa tano. Wamenipa vocha ya chakula.

Hapa ndipo kilomita zina kazi. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya 2004, ile ya fidia kwa abiria waliocheleweshwa, hupima umbali kutoka ulikoanzia hadi mwisho wa safari, kwa mstari ulionyooka. Yako inazidi 3,500, kwa hiyo ni euro 600. Wakikupa 400 za kipande cha Amsterdam–Lisbon, kataa. Hali mbaya ya hewa huwaokoa. Ubovu wa kawaida wa ndege hauwaokoi. Peleka dai mwenyewe kwa shirika, ukiambatisha kadi ya kupandia ndege, bila dalali wa kukata asilimia. Vocha kula, ni haki yako pia, ila usisaini karatasi inayosema umeridhika.