Kopo la Njombe Halishuki Kitonga

Nilihamia Njombe mwezi wa Mei, begi moja la nguo za Tanga na mfuko mmoja wa vipodozi vya Tanga. Nguo hazikumaliza wiki. Nilikwenda kuchambua mitumba nikarudi na masweta mawili na koti zito, nikapumua. Vipodozi sikuvigusa. Wala halikunijia wazo kwamba navyo vina hali ya hewa yake.

Kwetu Tanga ngozi yangu ni ya mafuta. Ikifika saa nne asubuhi paji la uso linang'aa kama sufuria mpya. Tangu sekondari nilikuwa nanawa uso kwa sabuni ya maji yenye asidi ya salisiliki, asubuhi na jioni, kisha losheni nyepesi, basi. Utaratibu huo ndio ulionitoa kwenye chunusi, kwa hiyo niliushika kama mtu anavyoshika dozi. Nikaendelea nao Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni na Julai ukiongea mvuke unatoka mdomoni, na kule Makete watu huamka wakakuta sakitu, umande ulioganda, kwenye majani ya viazi.

Mwishoni mwa Juni uso ulianza kukakamaa kila nikitoka kunawa. Nikicheka, mashavu yanavuta. Baadaye magamba yakatokea pembeni ya pua, na losheni niliyoipaka miaka yote ikaanza kunichoma. Kukawa na vipele vidogo vidogo kidevuni, nami nikaamua: chunusi zimerudi. Nikaongeza kunawa, sasa mara tatu kwa siku. Nikampigia mama. Mama, kama mama yeyote wa Tanga, akanitumia liwa kwa basi.

Sina neno baya juu ya liwa. Kaskazi ikipamba moto, mtoto akitoka harara shingoni, liwa iliyolowekwa kwa maji ya waridi inampoza akalala. Lakini liwa ni unga wa mti. Ukikauka usoni unakauka na unyevu wako. Pwani hewa imejaa maji, hasara hiyo huioni. Njombe mwezi wa Julai nilipoinawa niliona ngozi imebaki kama tope la bwawa lililokauka. Dawa nzuri, mahali pake siyo hapa.

Aliyenitoa gizani ni mama mwenye nyumba wangu, mama wa Kibena ambaye kabatini kwake sijawahi kuona kipodozi zaidi ya kopo moja. Jumamosi moja nilimkuta uani anamenya viazi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona uso umepauka hivyo, unaumwa?"

Nikamweleza. Akauliza naoga maji ya namna gani. Ya moto, mama, ya moto kabisa, bila hivyo siingii bafuni. Na mafuta napaka saa ngapi? Nikishavaa, nikimaliza chai.

Akacheka mpaka kisu akakiweka chini. "Basi hupaki mwili, mwanangu. Unapaka gogo."

Maneno hayo nimeyafikiria sana tangu siku ile, na kila nilichosoma baadaye kimekuja kuyathibitisha. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa chembe zilizokauka, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayozishikilia, mfano wa udongo kati ya matofali. Udongo huo ndio unaozuia maji ya mwilini yasitoroke. Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo, kwa hiyo inakunywa maji kutoka popote inapoyapata, ngozi yako ikiwemo. Maji ya moto sana yanayeyusha yale mafuta ya asili, sabuni inayachukua, na sabuni nyingi za kipande ni kali kwa ngozi kwa sababu ngozi yenyewe ina uchachu kidogo, sabuni ni kinyume chake. Kisha ukae nusu saa unakunywa chai, ngozi imeshakauka, ndipo uje na mafuta. Mafuta hayaongezi maji. Kazi yake ni kufunika yaliyopo. Ukipaka juu ya ngozi kavu umefunika ukavu.

Nilichobadilisha hakikunigharimu hata nauli ya kurudi Tanga. Maji ya kuoga niliyapunguza moto mpaka yawe ya vuguvugu. Hapa nakiri niliteseka, na asubuhi nyingine bado nadanganya. Sabuni nikaiacha ibaki kwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni. Mikono na miundi ambayo imeshinda ndani ya sweta siku nzima haina uchafu wa kuisugulia dodoki. Usoni asubuhi maji matupu. Ile sabuni ya salisiliki ikawa mara mbili kwa wiki, jioni tu. Halafu kubwa kuliko yote: mafuta nikayahamishia bafuni. Najifuta kwa kugusagusa na taulo, sijikaushi, na ngozi ikiwa bado na umande napaka hapo hapo kabla sijafungua mlango.

Napaka nini? Mwanzo glisarini, matone machache niliyoyachanganya na maji kiganjani. Glisarini inavuta maji, ndiyo sifa yake, lakini wengi wanaipaka kavu kavu kutoka kwenye chupa halafu wanalalamika inanata na inakausha. Katika hewa isiyo na unyevu haina pa kuvuta isipokuwa kwako. Ichanganye, paka kwenye ngozi yenye maji, kisha ifunike. Kufunika natumia mafuta ya mgando, tabaka jembamba mno. Watu wa mjini wanayadharau kwa sababu ni ya bei ndogo na kila mtoto anapakwa, ila katika kuzuia maji yasipotee hayana mpinzani dukani. Mwilini, siku nikiishiwa, nachukua mafuta ya alizeti ya jikoni. Yanafaa ngozi kavu kuliko ya zeituni, ambayo pamoja na sifa zake zote yanaweza kuudhoofisha ule udongo wa matofali. Parachichi nalo nimelijaribu usoni, maana huku ni mji wa maparachichi. Matokeo: niliishia kulila na chumvi, na sijajuta.

Siku kumi hivi na ule mchomo usoni ulikwisha. Vipele vya kidevuni vilikwenda navyo, havikuwa chunusi kumbe, ilikuwa ngozi iliyochubuka kwa kunawa. Miguu ilichukua muda zaidi kwa sababu magaga yalishaingia ndani. Hiyo nilikuwa naloweka kwenye beseni jioni, nafuta, napaka mgando mzito, navaa soksi za pamba nalala nazo. Midomo, acha kuilamba. Mate yakikauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo. Na usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha ili upate joto. Hewa itakauka zaidi, lakini hilo dogo. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu usingizini.

Sasa sikia ujinga wa pili, maana wa kwanza nilifanya kwa kutojua na huu nilifanya kwa kujua sana.

Desemba nilikwenda nyumbani kwa sikukuu. Nikiwa nimeshakuwa fundi wa ngozi, mfukoni nina kopo langu la mgando kama hirizi. Basi likishateremka mlima wa Kitonga sweta linakuwa mzigo. Ruaha Mbuyuni unanunua vitunguu huku jasho linatiririka. Chalinze umeshasahau kama kuna nchi ya baridi. Mimi kesho yake asubuhi, Tanga, kaskazi inavuma, nikatoka bafuni nikajipaka vile vile kama Njombe. Siku ya nne nilikuwa na harara kifuani na mgongoni, na paji la uso limejaa chunusi za kweli kweli safari hii. Jasho lilikuwa linatafuta pa kutokea, mimi nimeziba. Shangazi yangu aliniangalia akasema, "Wewe umekuja kutuonyesha mafuta ya huko kwenu?" Nikarudi kwenye liwa ya mama, kwa adabu.

Tangu hapo nina makopo mawili na hayachanganyiki. Pwani wakati wa joto nanawa kwa salisiliki mara moja kwa siku, jioni, losheni nyepesi ya maji maji, na mgando ni wa midomo na visigino tu. Mafuta ya nazi nayapaka miguuni. Usoni yananiletea chunusi, ingawa dada yangu anayapaka tangu utotoni na uso wake kama kioo. Kipupwe kikiingia Pwani, Juni mpaka Agosti, kusi inapopoza hewa, naongeza losheni nzito kidogo, sifiki kwenye mgando. Wapwani tunasema tunasikia baridi wakati huo. Mama mwenye nyumba akisikia hivyo anaguna tu.

Masika nitaisema kwa sababu nyingine. Mvua za Machi mpaka Mei zinaleta unyevu usiokauka: viatu vibichi, nguo za ndani zilizoanikwa siku mbili na bado zina ubaridi. Hapo shida yako haitakuwa ukavu, itakuwa fangasi. Kati ya vidole vya miguu, chini ya matiti, kwenye mikunjo, na yale mabaka ya utangotango mgongoni. Hapa losheni si dawa. Kukausha ndiyo dawa, pamoja na krimu ya fangasi utakayoelekezwa na mfamasia. Mfanyakazi mwenzangu alitokwa na mduara unaowasha shingoni, akapewa na rafiki yake krimu yenye betamethazoni, dawa ya jamii ya steroidi. Kuwasha kulikata siku ile ile. Wiki tatu baadaye mduara ulikuwa umeenea mpaka kifuani, kwa sababu dawa za jamii hiyo zinatuliza wekundu na mwasho huku zinapunguza kinga ya ngozi, na fangasi anakula kwa raha. Soma maandishi madogo kwenye tyubu. Ukiona betamethazoni au klobetasoli na hujaandikiwa na daktari, irudishe. Zinazouzwa kwa jina la kung'arisha uso nyingine zina hizo hizo ndani, au zina zebaki au haidrokwinoni ambazo Tanzania imepiga marufuku kwenye vipodozi. Ngozi iliyochunwa na mkorogo haina msimu mzuri. Joto inaungua, baridi inapasuka.

Kitu kimoja tu sibadilishi mwaka mzima, nacho ni kinga ya jua. Hapa ndipo baridi ilinidanganya kuliko joto. Njombe ukisimama juani Julai unasikia raha, unaweza kuota jua kama mjusi. Lakini baridi ni ya hewa, haipunguzi miale. Kila ukipanda mita 1,000 miale inayounguza ngozi inaongezeka kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo jua lile linaloniburudisha Njombe linaniunguza kuliko nilivyodhani. Juu ya hayo, huku kwetu kusini kidogo ya ikweta jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kwa Njombe ni mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, na Oktoba hiyo ndiyo mvua bado hazijaja na mbingu iko wazi. Madoa meusi yaliyobaki baada ya vile vipele vyangu yaliiva Oktoba, si Desemba.

Usiniambie weusi wetu unatosha. Unasaidia, kweli, ila hauzuii madoa. Natumia losheni ya jua yenye kipimo cha kinga cha SPF 30, ambayo ikipakwa ya kutosha inazuia karibu asilimia 97 ya miale inayobabua, na tatizo la wengi wetu liko hapo kwenye kutosha: tunapaka kama marashi. Nilizunguka sana kupata isiyoniacha kama nimepigwa unga wa ngano. Yenye rangi ya ngozi ilinifaa zaidi, na rangi ile inasaidia pia dhidi ya mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Nikikaa dirishani kwenye basi napaka tena baada ya saa mbili, maana kioo hakizuii miale yote. Kofia pana sokoni. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la urembo hata kidogo, ni la uhai. Ndiyo maana hospitali ya KCMC kule Moshi walianza kutengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili yao.

Unajuaje kwamba wakati wa kubadilisha umefika? Mimi siangalii kalenda, kwa sababu kuna mwaka baridi inawahi na mwaka inachelewa. Nakwaruza muundi kwa kucha, taratibu. Ukibaki mstari mweupe, nimechelewa, natoa kopo la mgando. Nikiona saa sita mchana tishu inatoka usoni na mafuta, narudisha sabuni ya salisiliki. Nabadilisha kitu kimoja, nakipa wiki mbili, kisha kingine. Ukibadilisha vitano siku moja na uso ukaharibika, hutajua umlaumu nani. Na ukiwa na pumu ya ngozi, au mwasho unaokuamsha usiku, au ngozi inayotoa maji, makala yangu haikuhusu. Nenda ukaonwe na daktari wa ngozi.

Julai hii mama anakuja Njombe kwa mara ya kwanza. Jana kapiga simu kuuliza abebe nini. Nikamwambia abebe sweta na soksi, mafuta nimeshanunua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema lazima atakuja na liwa, huwezi kujua. Mama mwenye nyumba amesikia, naye amesema aletewe na yeye.